Mwezi wangu hauanzi tarehe moja

Rosta ya zamu za wodi yetu hubandikwa ukutani, kando ya kabati la dawa, kati ya tarehe 26 na 28. Siku hiyo hata aliye off hupita "kusalimia." Tunasimama mbele ya karatasi ile kama wanafunzi mbele ya matokeo ya mtihani: kila mtu anatafuta jina lake, anafuata mstari kwa kidole, anahesabu usiku wake. Kuna wa kuguna, kuna wa kwenda moja kwa moja kwa inchaji, msimamizi wa wodi, kuomba abadilishiwe kwa kuwa mdogo wake anaolewa. Mimi naipiga picha kwa simu, narudi zangu nyumbani Kihonda, nasubiri watoto walale, kisha nakaa mezani na kalamu ya risasi. Hapo ndipo mwezi wangu unapoanza.

Zamani haukuanza hapo. Mimi ni nesi mkunga, nipo wodi ya wazazi hapa Morogoro, na kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa tarehe moja. Tarehe moja nitaanza mazoezi. Tarehe moja nitaanza kusoma. Januari 2022 nilipewa dayari nzuri ya bure, ya jalada gumu, na nikaona haya kuiacha tupu. Nikaandika malengo 11 ya mwezi ule mmoja. Kumaliza mihadhara yote 14 ya kitabu cha somo la kwanza, maana nilikuwa nimejiunga na Chuo Kikuu Huria kusoma sosholojia. Kununua tofali 500 za kiwanja. Kutembea kwa miguu nusu saa kila siku. Kutokula wali usiku. Kumpigia mama simu kila Jumapili. Kufuga kuku! Hata banda sina.

Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni ya Tunduma, akiondoka anarudi mzigo unapomruhusu. Alikuta dayari mezani, akasoma ukurasa wote, akanitazama. "Haya yote ni ya kwako peke yako, au mmegawana wodini?"

Sikucheka. Na ilipofika tarehe 10 binti wa kazi akaaga kwamba kuna msiba kwao Kilosa, atarudi baada ya siku tatu. Aliondoka na begi kubwa, lile la nguo zote, na mwenye macho alielewa. Hakurudi. Mwezi ukaisha nimesoma muhadhara mmoja na nusu, kuku hawakuja, wali niliula, tena wa moto.

Nilichojifunza mwezi ule kilikuwa kibaya kuliko kushindwa kwenyewe. Nilijifunza kwamba mimi ni mvivu. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anaandaa watoto wawili, anapokea watoto wachanga wa watu mpaka mgongo unakataa kunyooka, anarudi kufua, mtu huyo nikamwita mvivu kwa maandishi yangu mwenyewe. Februari nikapunguza malengo yakawa manane. Machi nikayarudisha yote kwa hasira.

Kisha nikaanza kusikiliza wale wahamasishaji wa kwenye simu. Wote dawa yao ni moja: amka saa kumi alfajiri wakati wenzako wamelala, hapo ndipo utajiri ulipo. Nikajaribu. Siku nane niliamka saa kumi na kusoma kwa mwanga wa simu nisiwaamshe watoto. Siku ya tisa nikiwa zamu ya asubuhi niliandika presha ya mama wa kitanda cha tatu kwenye faili la kitanda cha nne. Mwenzangu akaliona kosa kabla hatujakabidhiana zamu, akanivuta pembeni, hakunisema mbele za watu. Nilikaa chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi. Tangu siku ile mtu akiniambia habari za kuamka saa kumi namuuliza kwanza kazi yake ni ipi, na akikosea anaumia nani.

Aliyenifungua macho ni nesi mmoja mkubwa, kabakiza miaka miwili astaafu, ambaye sote tunamwita Bibi ingawa hapendi. Usiku mmoja wodi ilikuwa imetulia, mama mmoja tu yuko kwenye uchungu, nikawa namlalamikia Bibi habari za dayari yangu. Akanisikiliza huku anakunja gozi, vile vitambaa vya kufungia vidonda. Akasema, "Mwanangu, wewe unapanga kama mtu anayelala kwake kila usiku." Akaendelea na gozi zake.

Mama yule tulikuwa tunamfuatilia kwa patografu, ule mchoro tunaojaza kila mara tunapompima: njia imefunguka kiasi gani, mapigo ya moyo ya mtoto, nguvu ya uchungu. Sisi tuliosoma zamani kidogo tulifundishwa kwamba uchungu ukishakolea, njia hufunguka walau sentimita 1 kwa saa. Mstari wa tahadhari umechorwa kwa hesabu hiyo, na mstari wa kuchukua hatua uko saa 4 mbele yake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa mapendekezo mapya, likasema kasi ile ya sentimita 1 kwa saa ni kubwa mno kwa baadhi ya wanawake, isitumike peke yake kuamua kwamba mama amechelewa. Mwaka 2020 ukafuata mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, ambao unahesabu kuwa uchungu umekolea kuanzia sentimita 5. Yaani kwa miaka na miaka kulikuwa na akina mama wazima kabisa, watoto wao wazima, wakihesabiwa kuwa wamechelewa, na tatizo lilikuwa kwenye kipimo.

Mama wetu wa usiku ule alikwenda taratibu. Mapigo ya mtoto mazuri, mama anaongea, anatembea, anaomba chai. Tukamwacha na mwili wake, tukimpima kwa wakati wake. Kasoro dakika chache saa kumi na mbili alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na ushee, akalia kabla hatujamfuta.

Nikiwa kwenye daladala asubuhi, macho yanauma, nikawa nawaza: kwenye patografu hatuandiki tunachotamani. Tunaandika kilichopo, kisha ndiyo tunaamua. Mimi dayari yangu ilijaa matamanio matupu, hakuna mahali nimewahi kuandika mwezi wangu ulivyo.

Basi Februari 2023 sikuweka lengo lolote. Nilichagua Februari kwa sababu ni fupi, sitaki kusema uongo. Siku 28, kila siku kabla ya kulala, au asubuhi kama nilikuwa usiku, niliandika mstari mmoja: nilikuwa zamu gani, nilipata muda wangu mwenyewe kiasi gani, na niliutumiaje. Mwezi mzima nilifungua kitabu mara 9, jumla saa saba na kidogo. Nilikuwa kwenye makundi matatu ya WhatsApp ya kamati za harusi, na moja lilikuwa na vikao vya sauti usiku ambavyo hakuna kinachoamuliwa zaidi ya nani hajamalizia ahadi yake. Na lililonishangaza kuliko yote ni kwamba muda mzuri wa kusoma sikuupata usiku kama nilivyodhani. Niliupata asubuhi za siku nikiwa na zamu ya mchana. Watoto wameshakwenda shule, nyumba kimya, mimi naingia kazini saa nane. Zile asubuhi nilikuwa nazipoteza kwa kupanga kabati na kwenda gengeni mara mbili, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba kusoma ni usiku.

Toka hapo nikaacha kuhesabu siku. Nahesabu vipenyo. Kipenyo kwangu ni saa moja na nusu ambayo hakuna mtu anayenidai, na mwili bado upo.

Nichukue rosta hii ya sasa. Siku 30: zamu za asubuhi 10, za mchana 6, za usiku 6, off 8. Mtu wa nje akisikia off 8 anadhani nina siku nane za kufanya mambo yangu. Mbili zinafuata mara baada ya usiku, hizo ni za kulala na kuamka hujui ni asubuhi au jioni. Mbili ni Jumapili, kanisa na nguo. Moja ni send-off ya binti wa shemeji yangu, na hiyo hata nikisema naumwa watanifuata nyumbani. Zimebaki tatu, na kila moja naihesabia kipenyo kimoja tu, kwa maana siku ya off ndiyo siku kila mtu anakumbuka kwamba upo. Zamu za mchana 6, natoa asubuhi mbili za soko na usafi, zinabaki nne. Zamu za asubuhi 10, jioni yake watoto wana kazi za shule na mimi nina miguu iliyovimba, naweka tano, na hapo nimejipendelea. Usiku sihesabu kitu. Jumla vipenyo 12.

Kwa rekodi zangu muhadhara mmoja unakula vipenyo viwili, kimoja cha kusoma na kimoja cha kuandika muhtasari na kujibu maswali ya mwisho. Kwa hiyo 12 ingekuwa mihadhara 6. Lakini theluthi moja ya vipenyo naiacha wazi makusudi. Mtoto ataugua, mwenzangu ataomba tubadilishane, mume atarudi bila taarifa, na siku mume amerudi mimi sitoi kitabu, tusielewane vibaya. Vinabaki 8, mihadhara 4. Hilo ndilo lengo la mwezi, na ni moja. Kando yake naruhusu kiporo kimoja, yaani lile jambo dogo la nyumbani ambalo limeniangalia miezi mitatu. Mwezi huu kiporo ni bomba la jikoni linalodondosha.

Mazoezi niliyatoa kwenye malengo kabisa. Nikitoka asubuhi nashuka daladala vituo viwili kabla. Jambo hilo halina mahali kwenye daftari, na labda ndiyo maana limedumu.

Mambo ya fedha yalinichukua muda zaidi kuyaelewa. Niliyaweka pamoja na mambo ya muda, nikashangaa kwa nini yananichanganya. Kumbe fedha haina habari na rosta. Fedha yangu ina kalenda yake: mshahara tarehe za ishirini na kitu, kikoba kila wiki, ada na sare Januari, na mchezo wetu wa kupeana fedha wa manesi kumi, ambao zamu yangu ya kupokea inajulikana tangu mwanzo. Mwaka 2023 zamu yangu ilikuwa mwezi wa nane. Sasa kwa nini niandike "tofali" mwezi wa pili, wa tatu na wa nne, na kila mwezi nijisikie nimeshindwa, wakati fedha ya tofali inakuja mwezi wa nane? Nikaandika neno tofali mara moja tu, kwenye Agosti, nikalifunga. Miezi mingine nilipopita kwenye kiwanja niliangalia nyasi zake, nikaenda zangu na amani. Agosti ilipofika fedha ikaenda kwenye tofali siku ileile niliyoipokea, kabla haijasikika kwa ndugu.

Na miezi haifanani, jambo ambalo kila mtu anajua na hakuna anayelipanga. Desemba mimi sina kipenyo hata kimoja. Wageni wanakuja, wenzangu wanaomba likizo, watoto wako nyumbani. Nilikuwa naiwekea Desemba malengo kama ya Mei. Mwanangu mkubwa alipokuwa darasa la nne, mwaka wa upimaji wa taifa, miezi miwili ya mwisho niliweka lengo moja ambalo hata si langu: jioni zote za zamu ya asubuhi, kukaa naye saa moja na hesabu za mafungu. Kitabu changu kilikaa juu ya friji, kikapata vumbi. Muhula ule chuoni nilifanya masomo machache kuliko wenzangu niliojiunga nao, na mmoja wao aliniuliza kwa upole kama nimeacha. Iliniuma. Bado inaniuma nikiona picha zao za mahafali. Sijapata dawa ya hilo, na simwamini anayesema anayo.

Katikati ya mwezi, tarehe 14 au 15, naangalia nilipofika. Hapa narudi tena wodini, mnisamehe, sina kazi nyingine ninayoijua. Mama akichelewa, mwalimu wetu alitufundisha tuulize mambo matatu: nguvu, njia na abiria. Uchungu wenyewe una nguvu ya kutosha? Njia inapitika? Au mtoto ni mkubwa, au amekaa vibaya? Kila moja lina jibu lake, na ukikosea swali unaweza kumuumiza mtu. Mama ambaye njia yake haimtoshi mtoto, ukimwongezea nguvu ya uchungu unamtafutia balaa.

Mimi kwa miaka nilijijibu kwa jambo moja tu, nguvu. Ongeza bidii, punguza usingizi, kunywa kahawa. Sasa naangalia kwanza. Mwezi wa nne mwaka jana nilikuwa nyuma kabisa tarehe 15, na nguvu ninayo, afya ninayo. Njia ndiyo ilikuwa mbaya: mvua za masika, barabara ya mtaani kwetu tope tupu, narudi saa moja na nusu baadaye kuliko kawaida. Kipenyo cha jioni hakikuwepo tena, nikakihamishia wodini, kabla ya zamu kwenye benchi la nje, nikiwahi. Mwezi wa sita njia ilikuwa safi na nguvu ipo, ila abiria alikuwa mkubwa: nilikuwa nimepangia somo la takwimu kwa kasi ya masomo ya kusoma tu. Takwimu kwangu inakula vipenyo vinne kwa muhadhara. Nikakata lengo nusu palepale tarehe 15, sikusubiri tarehe 30 kuomboleza. Bibi nilipomweleza mpango huu wa nguvu, njia na abiria alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Nimewahi kuona watu wanapeleka kazi nyumbani, lakini wewe umepeleka mpaka nyonga."

Kuna kitu kingine nilikiacha, ingawa shangazi yangu bado amenuna. Makundi ya kamati. Sikatai kuchanga, huku kwetu usipochanga utazika peke yako. Nilichokataa ni kuwa mjumbe. Mtu akinialika namwambia, "Niandikie kiasi, nitatoa tarehe ya mshahara, lakini kikao sitaweza." Wa kwanza walinung'unika kwamba naringa kwa sababu nasoma. Siku hizi wananitumia kadi tu. Makundi matatu yale ya Februari 2023, kwa hesabu yangu, yalikuwa yanakula vipenyo vinne kwa mwezi, sawasawa na mihadhara miwili.

Dayari za bure sipokei tena. Natumia daftari la kawaida la mtoto, la mistari, kurasa mbili kwa mwezi. Kushoto naandika mwezi unavyotarajiwa kuwa: zamu, vipenyo, lengo moja, kiporo kimoja. Kulia naandika mwezi ulivyokuwa. Ukurasa wa kulia ndio ninaousoma ninapopanga mwezi unaofuata. Wa kushoto nikishamaliza mwezi sina haja nao. Mwezi wa kwanza wa mpango huu nilimaliza mihadhara 2 kati ya 3 niliyojiwekea, na nikakumbuka ile Januari ya malengo 11 niliyomaliza muhadhara mmoja na nusu. Tofauti ya nusu muhadhara. Mtu mwingine angesema sasa kuna nini hapo. Lakini mwezi uliofuata vilevile, na uliofuata, na kufikia mwezi wa saba nikaingia mtihani nimemaliza kitabu chote kwa mara ya kwanza tangu nijiunge.

Jana usiku nimemaliza kupanga mwezi huu ninaowaeleza. Vipenyo 12 nimevizungushia duara kwa risasi, muhadhara wa kwanza nimeuweka kesho asubuhi na keshokutwa asubuhi, siku mbili za zamu ya mchana zilizofuatana, bahati hiyo haiji mara nyingi. Nikaweka kitabu mezani kabisa, na kalamu juu yake.

Sasa hivi simu imelia. Ni inchaji. "Dada, shikamoo ya kuombea. Mwenzako mtoto wake kalazwa. Naomba uniingilie usiku, kesho na keshokutwa, mchana nitampanga mwingine."

Marahaba, inchaji. Nitaingia.

Nimefuta maduara mawili. Yamebaki 10.